Jinsi nilivyoitoa jobu ya ukaguzi kwenye hasara

Nilivyopandishwa kuwa menja kwenye moja ya zile kampuni nne kubwa za ukaguzi hapa Dar, nikakabidhiwa mteja mmoja wa kiwanda ambae mamenja wote walikuwa wanamkwepa, mkorofi hakuwa ila jobu yake ilikuwa inakula masaa balaa na ada ni ileile. Naandika kwa ajili ya vijana mlioko kwenye hizi ofisi, maana tunasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, tunajua kukagua biashara za watu ila biashara ya ofisi tuliyokaa ndani yake wengi hatuijui.

Iko hivi. Iwe Deloitte, PwC, EY au KPMG, mapartna wa huku huku ndo wenye kampuni na faida wanagawana wao, na kinachouzwa ni masaa yako. Kila mtu ana bei yake kwa saa, unajaza taimshiti, masaa yanazidishwa na bei halafu inalinganishwa na ada. Tuseme kazi imefika milioni 100 na ada ni milioni 60, rikavari, yani sehemu ya thamani ya masaa inayorudishwa na ada, ni asilimia 60, milioni 40 zinafutwa. Mishahara inalipwa vilevile, kwa hiyo kinacholiwa ni faida.

Nikaomba taimshiti za mwaka uliopita nikazipitia mstari kwa mstari na kumuuliza senia aliyekuwepo. Kumbe masaa mengi yaliishia kusubiri! Senia na vijana wake wamejazana chumba cha mikutano cha mteja wanasubiri invoisi za malighafi, invoisi ziko kwenye bokisi faili stoo, mwenye funguo katoka. Halafu menja mwenyewe alikuwa anapitia usuluhisho wa benki, yani kulinganisha vitabu vya mteja na taarifa ya benki, kazi ambayo kijana wa mwaka wa kwanza anaiweza kwa bei ndogo sana.

Nikamfuata mhasibu mkuu wao, mama mtu mzima. Nikamwambia mama shikamoo, leo sijaja kukagua, nimekuja tupange. Akaniambia marahaba mwanangu, nyie kila mwaka mnanijia Februari na mimi ndo nafunga hesabu, mkija Oktoba mtapata kila kitu. Basi tukaenda Oktoba, tukapima manunuzi na mishahara ya miezi tisa ya mwanzo, kuhesabu stoo tukaacha Desemba 31, na kila karatasi tunayoitaka nikaiandikia tarehe na jina la wa kuitoa. Walipofungua godauni jipya katikati ya mwaka tukakubaliana ada ya nyongeza kwa maandishi kabla kijana wangu hajakanyaga huko.

Kitu nilichokataza kabisa ni kuficha masaa, yani mtu anakesha mpaka saa tano usiku halafu anaandika masaa nane ili bajeti ipendeze. Huo ni uongo, na mwaka unaofuata ada inapangwa juu ya uongo huo huo, anaeumia ni kijana. Wala sikupunguza hata kipimo kimoja cha ukaguzi. Arthur Andersen ilikuwa moja ya tano kubwa duniani, 2002 ikasambaratika kwa sababu ya kashfa ya hesabu za mteja wake Enron, rikavari nzuri haikuokoi na hapo.

Invoisi nazo, usisubiri ripoti isainiwe. Niligawa mara tatu, tukianza, tukitoka kwa mteja, na ripoti ikiwa tayari. Ukishatoa invoisi VAT ya asilimia 18 inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa, so ukirundika yote mwisho na mteja akakaa nayo miezi, ofisi inamkopesha na kodi inatanguliza yenyewe. Na ile asilimia 5 ya kodi ya zuio anayokata mteja kwenye malipo yenu, fuatilia cheti chake mapema, bila cheti mtasumbuana sana kuidai kwenye kodi yenu.

Rikavari ilivuka asilimia 80 na vijana walikuwa wanaondoka jua halijazama. Sasa nimepewa mteja mwingine, wa hoteli, wao wanafunga mwaka Juni, kwa hiyo kazi ya awali naanza Machi na mhasibu wao tayari nimeshaonana nae.