Siku moja maishani mwangu: kuwinda hamira mwitu kwenye kiwanda cha bia

Saa 1:00 asubuhi. Hata chai sijanywa, nafungua inkubeta. Pleti, yaani visahani vya kuoteshea vijidudu, za wiki iliyopita zimekaa nyuzi 28 na leo zinasomwa. Za laisini (aina ya asidi amino) ni safi. Za mrututu (salfeti ya shaba) nazo safi, isipokuwa ya tangi la sita: makoloni matatu ya rangi ya krimu, madogo lakini yamejaa. Mwanzo mbaya wa Jumatatu.

Niwaeleze kidogo. Hamira yetu ni Saccharomyces, na haiwezi kuishi kwa kupata nitrojeni kutoka kwenye laisini peke yake. Kinachoota hapo ni mgeni. Ila mgeni wa ukoo huohuo wa Saccharomyces naye haoti, kwa hiyo anapita bila kuonekana. Huyo ndiye tunamtegea mrututu, huuhuu wanaopulizia wakulima wa kahawa. Ukiweka kama miligramu 200 kwa lita, hamira nyingi za bia zinashindwa kuota, za mwitu nyingi zinastahimili. Hakuna pleti moja inayonasa zote. Anayetaka kubana matumizi kwa kuacha mojawapo, mimi simwelewi.

Saa 3:00. Sampuli za matangi. Pulizia spiriti mdomo wa bomba, choma, mwaga ya kwanza, kinga.

Saa 5:00. Kuosha hamira, kazi inayowachosha vijana wa mafunzo kwa vitendo. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga ya juu, ongeza maji tasa, rudia tena na tena. Yakibaki maji matamu ya kimea, nitrojeni yake inailisha hamira ya kawaida, na utahangaika na makoloni ya uongo.

Saa 7:00. Wali maharage.

Saa 8:15 mchana. Simu ya msimamizi wa matangi.

"Dada, hamira ya tangi la sita niitumie jioni? Kuna mpiko unasubiri."

"Usiiguse, kaka. Chukua ya la nne."

"La nne ni kidogo!"

"Kidogo safi."

Analalamika, lakini nikimtajia diastaticus, aina ya hamira mwitu, anatulia. Hiyo hukata dekstrini, vipande vya wanga ambavyo hamira yetu huviacha, hata bia ikiwa tayari chupani. Gesi inapanda, bia inafoka ukiifungua, na chupa zinaweza kupasuka. Bado sina uhakika kwamba ndiyo. Kwenye darubini hazina tofauti ya kunitosha, hivyo nahamishia koloni moja kwenye pleti ya wanga na jingine kwenye chupa ya maji ya kimea. Baada ya siku chache nitainusa: nyingi za mwitu hugeuza asidi feruliki ya nafaka kuwa harufu ya karafuu, nzuri kwenye pilau, si kwenye laga.

Saa 10:00 jioni. Napita na pamba tasa kwenye mipira ya kuhamishia bia, gasketi na viungo vya mabomba. Kila ninayemuuliza nani alisafisha mpira wa tangi la sita ananitajia zamu nyingine.