Bamvua la Desemba katika Ghuba ya Swansea

Mjomba alinipigia simu Jumatano usiku. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka. "Mwezi unakufa kesho. Jumamosi ni bamvua, maji yatakuwa makubwa. Njoo na mabuti ya mpira."

Ilikuwa Desemba 2012. Nilikuwa nasoma Cardiff, na yeye na mkaza mjomba walikuwa wakikaa Swansea, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Mjomba alikuwa baharia. Aliondoka Pemba kijana, akapanda meli Mombasa, akafanya kazi chumba cha injini miaka mingi mpaka Wales ikawa ndiyo kwake. Wakati ule alikuwa ameshapita miaka sabini na tano na magoti yalikuwa yamemchoka, lakini hesabu ya maji alikuwa nayo kichwani. Vijitabu vya ratiba ya maji, vile wanavyouza maduka ya wavuvi, alikuwa akivinunua kila mwaka, akavisoma kwa ajili ya kuhakikisha tu.

"Mwezi ni ule ule," aliniambia tukiteremka ufukweni. "Ukiandama ni bamvua, ukiwa mpevu ni bamvua. Saa ndiyo ya kujifunza upya."

Kwetu Wete, kule Pemba, maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Swansea hujaa karibu na saa moja, asubuhi na jioni. Kwa hiyo kupwa kwake huangukia saa saba mchana, na ukishalijua hilo umeshapanga siku yako nzima: chambo unachimba mchana maji yakiwa nje, samaki unamvua jioni maji yakiingia. Na Desemba kule jua linazama saa kumi na dakika chache tu. Giza na maji vinakuja pamoja, na giza ndilo analolipenda waitini, samaki mwembamba wa rangi ya fedha anayesogea karibu na pwani majira ya baridi yanapoanza.

Nilipoona ufuko ule umekupwa nilisimama. Bahari ilikuwa haionekani, imebaki mchanga na tope mpaka mbali, na ng'ambo ya ghuba moshi wa kiwanda cha chuma cha Port Talbot. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu haifiki mita tano. Pale, siku ya bamvua kubwa, inapita mita tisa. Mjomba alinieleza sababu kwa mikono miwili: Mlango wa Bristol ni mpana upande wa Atlantiki, kisha unabana na kuwa kina kifupi kadiri unavyoingia ndani, na maji yaliyokuja kwa wingi hayana pa kwenda ila juu.

Kuchimba ilikuwa kazi yangu. Nilikulia kwenda pwani na bibi kuokota chaza, kwa hiyo kuinama kwenye tope hakukunishinda. Mnyoo wa chambo unamjua kwa kijilundo cha mchanga uliojisokota, na pembeni yake, kiasi cha shubiri moja, kitundu kidogo. Yeye amelala chini kati ya viwili hivyo. Uma wa bustani unauzamisha kando, kamwe si juu ya kijilundo, la sivyo unamtoboa, na aliyetoboka humwaga damu yote ndani ya ndoo na kuwaharibu wenzake. Anatoka mweusi mweusi, mnene, mkia umejaa mchanga mtupu, na anakuachia vidoleni rangi ya manjano ambayo sabuni haiitoi. Kila shimo Mjomba alinitaka nilifukie. "Mtu atapita hapa usiku," alisema.

Ndoo ilikuwa haijafika nusu aliposema basi. Mimi nilikuwa nimeshanogewa, minyoo ndiyo kwanza inapatikana kwa wingi, na maji siyaoni popote. Hakubishana nami. Alichukua ndoo akaanza kutembea. Kati yetu na ufuko mkavu kulikuwa na kijito tulichokivuka asubuhi kwa hatua moja, maji yake yakiteremka kwenda baharini. Tulipokifikia yalikuwa yamegeuka. Yalikuwa yanapanda kuelekea nchi kavu, kimya kabisa, yamebeba povu na majani ya mwani, na upana umeshakuwa wa hatua tano. Upande wa bahari mchanga ulikuwa bado mkavu! Tuliyavuka yakiwa chini ya magoti. Ghuba tambarare hazikujii kwa mbele, zinakuzunguka kwa nyuma. Tukiwa tumeshafika kwenye mawe ndipo Mjomba aliponitajia Morecambe, kaskazini ya Uingereza, ambako Februari 2004 maji ya usiku yaliwachukua Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe mchangani. Aliwaombea, kisha akatoa chupa ya chai.

Tuliswali Magharibi pale pale juu ya kokoto. Mvua ilikuwa imekatika, na rasi ya Mumbles ilikuwa inatukinga upepo wa kusini-magharibi, lakini baridi ilipenya hata hivyo, inaanzia vidoleni na kukaa. Mnara wa taa wa Mumbles, uliopo tangu 1794, ulianza kumulika. Kule Port Talbot mawingu yalikuwa yamepata wekundu wa matanuri. (Matanuri yale yalizimwa 2024. Ukisimama leo pale usiku, huo wekundu hauupati.)

Kwetu mshipi ulikuwa kazi ya wanaume, na sikuwahi kuutupa. Mjomba alinipa fimbo yake bila kulitaja jambo hilo. Alinionyesha kumvisha mnyoo ndoana, aingie mzima kama soksi, kisha kipande cha ngisi cha kumzuia asiteremke. Chubwi ilikuwa ya gramu 150, yenye vyuma vinne vya kung'ang'ania mchanga ili mkondo usiuburute mshipi. "Usitupe kwa mikono, mwanangu. Tupa kwa mgongo." Kisha tukaweka fimbo kwenye miguu yake mitatu na kila baada ya muda tukairudisha nyuma, maji yanatusukuma.

Waitini hadonoi kwa adabu. Ncha ya fimbo ilitikisika mara tatu nne, haraka haraka, ikatulia, ikatikisika tena. Nilivuta mpaka nikamwona kwenye mwanga wa tochi: tumbo jeupe, mgongo wa rangi ya mchanga, doa jeusi kwenye mzizi wa pezi la ubavuni, na kinywa kilichojaa vimeno vya sindano. Mjomba alimlaza kwenye rula. Chini ya sentimita 27 anarudi, na huyu alirudi. Aliyemfuata alibaki, na baada yake wengine, pamoja na gayogayo mmoja aliyekuja bila kutikisa chochote, nikamkuta tu kwenye ndoana ya pili.

Saa moja kasoro maji yalisimama na samaki wakaacha kula. Mjomba alitazama saa yake, akatazama maji, akatikisa kichwa kwa ridhaa.

Waitini ni samaki wa usiku ule ule. Nyama yake ni laini, akilala mpaka kesho analegea. Mkaza mjomba alitaka kumtia nazi ya kopo. Mjomba akasema nazi itamvunja vunja, huyu ni wa chumvi, ndimu na mafuta ya moto. Nilikula wa kukaanga, na bado naona Mjomba alisema kweli. Tukiwa mezani akaanza kuhesabu: bamvua la mwezi mpevu litaangukia siku chache baada ya Krismasi. Nilimwambia nitakuja, na kwamba safari hiyo nitaleta fimbo yangu.