Mafuta ya Nywele ya Nyumbani: Maji Ndiyo Yanayoharibu Kazi

Kila ninapoulizwa kuhusu mafuta ya nywele ninayotengeneza mwenyewe hapa Tanga, swali la kwanza huwa ni majani gani nimetia. Swali hilo ni halali, lakini si hilo linaloamua kama mafuta yatafaa au yataishia jalalani. Linaloamua ni maji. Kitu cha mafuta matupu, kikitiwa katika chupa kavu na kufungwa vizuri, hukaa miezi bila kuharibika. Kitu chenye maji, hata kama kimetokana na mmea unaosifiwa kiasi gani, huanza kuzaa vijidudu na ukungu ndani ya siku chache, mara nyingi kabla pua haijatambua lolote. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu hayatenganishi mambo haya mawili: mtu huambiwa asage mshubiri mbichi, kitunguu na majani ya mwarobaini yaliyochumwa asubuhi ileile, ayamiminie mafuta ya nazi, kisha aiweke chupa bafuni na kuitumia mwezi mzima. Huko bafuni, kwenye joto na unyevunyevu wa pwani, anachofuga si nywele.

Kwa sababu hiyo kazi yangu ina pande mbili zisizochanganyika: mafuta, ambayo hupikwa kwa wingi na kuwekwa akiba, na vitu vya majimaji, ambavyo hutengenezwa kidogo na kumalizwa mapema.

Msingi wa mafuta yangu ni nazi, na hapa Tanga mtu hana kisingizio, kwa kuwa nazi za Pangani na Muheza zinafika sokoni kila siku. Zinazofaa ni zilizokomaa kabisa, ambazo maji yake husikika zikitikiswa; koroma haina mafuta ya kutosha. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi hukamuliwa kwa maji ya uvuguvugu, machache iwezekanavyo, na tui zito la kwanza huchujwa na kuachwa litulie usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi utando mzito unakuwa umepanda juu na maji yamebaki chini. Utando huo ndio unaopikwa, na yale maji humwagwa, kwa kuwa kuyapika nayo ni kupoteza mkaa bure. Moto uwe mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza sufuria hutoa povu na kuchemka kwa kelele, kisha povu hupungua, chembe nyeupe hujikusanya pamoja na kuanza kugeuka rangi ya dhahabu, na mafuta meupe kama maji huonekana pembeni. Mimi huisikiliza sufuria zaidi ya ninavyoitazama, kwa maana kelele ile ni maji yanayotoka. Ikinyamaza, maji yamekwisha, na hapo huepuliwa mara moja kabla chembe hazijawa nyeusi na kuyatia mafuta harufu ya kuungua.

Kuna sababu ya kuichagua nazi mbali na urahisi wa kuipata. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka kiasi cha kuweza kupenya ndani ya unywele, wakati mafuta mengine mengi hubaki juu juu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yawe yamepakwa kabla ya kuosha au baada yake. Ndiyo maana mimi huyapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, badala ya kuyarundika kichwani kila asubuhi hadi yachafue kola. Ndugu zangu wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, hulalamika kwamba mafuta niliyowapelekea yameganda, wakidhani nimeyachanganya na kitu. Hayajaharibika: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto hilo ni jambo la kila siku.

Majani huingia baada ya hapo, na huingia yakiwa makavu. Mwarobaini, mrehani, rozimari au hina huanikwa kivulini kwenye ungo mpaka yakifikichwa yageuke unga, kwa sababu jani bichi lina maji, na maji hayo yatahamia kwenye mafuta. Kikombe kimoja cha majani makavu hutosha vikombe viwili vya mafuta. Bakuli huwekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, kwa muda wa saa mbili, bila kuruhusu tone la mvuke kudondokea ndani, kisha mafuta huchujwa kwa kitambaa cha melimeli kilichokauka. Chupa iwe ya rangi ya kahawia na iwe imekaushwa juani hadi ndani, na iandikwe tarehe. Karafuu za Amani zina harufu nzuri kupita kiasi na zinashawishi, lakini nasihi ziwe chache, kwa kuwa zina kemikali iitwayo eujenoli, ambayo ikizidi huchoma ngozi ya kichwa. Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, mimi huyanunua dukani na kuchanganya sehemu moja yake na sehemu nne za nazi, maana yakiwa peke yake ni mazito mno na hunasa vumbi. Kuyakamua nyumbani sikushauri kabisa: mbegu zake zina sumu kali ya risini, na jikoni penye watoto si mahali pa kutwangia sumu.

Upande wa majimaji, kipenzi changu ni uwatu. Vijiko viwili vya mbegu hulowekwa usiku katika kikombe cha maji, asubuhi husagwa na kuchujwa, na ute unaopatikana hupakwa kwenye nywele zilizolowa kwa nusu saa kabla ya kusuuzwa. Hulainisha nywele zetu za kipilipili kiasi kwamba kitana hupita bila ugomvi, ingawa harufu yake ya mchuzi hubaki kwenye mto hadi siku ya pili, na asiyeipenda asisumbuke. Ute huo hautunzwi zaidi ya siku mbili, tena ndani ya friji. Mshubiri nao una sharti lake: jani likikatwa husimamishwa wima ili utomvu wa njano utoke wote, kwa maana huo huwasha, na ni ile nyama angavu ya ndani tu inayotumika.

Kwa kuoshea, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa hutoa povu jepesi yakikorogwa na maji. Vijana wengi wa pwani wanayafahamu kwa kuoshea maiti tu, na wengine hushtuka wakiyaona kwenye beseni la aliye hai. Lakini huko Oman na nchi za Ghuba unga wake huuzwa madukani kwa ajili ya nywele, na wazee wetu pia waliutumia. Ni laini kuliko sabuni ya mche, ambayo ni kali na hufumua magamba ya unywele. Kali zaidi ni magadi, na sijui ni nani aliyeyapeleka kichwani. Limau nalo, ambalo watu hulikamulia moja kwa moja kwenye ngozi, linaweza kuunguza likikutana na jua la mchana.

Kitu chochote kipya, hata kama ni cha shambani kwako, kipakwe kwanza ndani ya kiwiko na kisubiriwe siku nzima. Na piko, ile rangi nyeusi ambayo hutiwa kwenye hina ili iive haraka, isiguse kichwa cha mtoto wala ngozi iliyochubuka, kwa sababu kemikali yake imewaachia watu malengelenge na makovu.

Yapo ambayo mafuta hayawezi. Mba mara nyingi huhusiana na aina ya kuvu inayokula mafuta ya ngozini, kwa hiyo kuzidisha mafuta kunaweza kuuongeza. Mapunye ya watoto huhitaji vidonge kutoka hospitali, kwani kuvu wake huwa ndani ya shina la unywele ambako cha kupaka peke yake hakitoshi. Nywele za pembeni zilizong'oka kwa kusukwa rasta za kubana, au twende kilioni iliyovutwa mpaka nyusi zikapanda, hazitarudi kwa nyonyo wakati msusi ni yuleyule na mkono wake ni uleule. Kwanza msuko ulegezwe. Anayewaahidi watu nywele za kufika kiunoni kwa wiki anawauzia upepo, maana unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na kinachofanywa na mafuta ni kupunguza kukatika kwake.

Wanaoniomba niwauzie nawajibu hivi: chupa ya kumpa jirani ni zawadi, ya kuuza ni bidhaa. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na bidhaa yenye maji inayokusudiwa kukaa rafuni itahitaji kihifadhi kinachopimwa kwa usahihi, jambo ambalo majani pekee hayalifanyi. Mwenye nia aanze na mafuta matupu, apate mafunzo SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kisha afikirie ute wa uwatu baadaye. Mimi nimetosheka na chupa zangu za kahawia, na kwa sasa nazi zimeshuka bei.