Nilivyozoea vitabu vya vita kwa kufuata malori

Kazi yangu ni kupanga malori. Niko kwenye ofisi ya usafirishaji hapa Industrial Area, Nairobi, na siku nzima ni simu: kontena imefika wapi, dereva amepita mizani ya Mlolongo au bado, nani amelipa, nani anafoka. Mwishoni mwa 2023 kufoka kulizidi. Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, na Novemba wakaiteka Galaxy Leader, meli ya kubeba magari. Kampuni kubwa za meli zikaacha Mfereji wa Suez, zikaanza kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Wateja wenye mizigo kutoka Ulaya walitaka kujua meli itatia nanga Mombasa lini, nami sikuwa na la kuwaambia zaidi ya waliyokwisha kuyasikia kwenye taarifa ya habari. Nikaona nitafute vitabu.

Kupata vitabu haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuvisoma. Vingi vimeandikwa kana kwamba msomaji amekulia kambini. Ukurasa mmoja unakuta namba za brigedi, vifupisho vya herufi nne nne, na majenerali ambao mwandishi anawataja kwa jina moja tu kama binamu zake. Nilikuwa nasoma kwenye basi la Jogoo Road jioni, na tukifika Donholm siwezi kukuambia nani alikuwa anampiga nani.

Kilichonitoa hapo si kitabu kipya. Kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu kando ya njia mjini, nilipata nakala iliyochanika jalada ya Supplying War, cha Martin van Creveld, kilichotoka 1977. Kinapitia vita vya Ulaya kikiuliza swali ninaloulizwa mimi kila asubuhi: mzigo utafikaje? Farasi watakula nini, reli inaishia wapi, mafuta yako umbali gani na mstari wa mbele. Hiyo lugha naijua.

Tangu hapo kitabu chochote cha vita nakifungua kwa nyuma, kwenye faharasa. Natafuta reli, mafuta, bandari, madaraja, malori. Kama kurasa mia nne zimepita bila hata kimoja cha hivyo, nakirudisha nilipokitoa, hata jalada liwe na kifaru kinachotema moto. Rafiki zangu wanasema nawaonea waandishi. Lakini kitabu kipya kutoka nje chaweza kuzidi shilingi 2500, na vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013. Sina pesa za kununua picha ya kifaru.

Kikipita mtihani huo, nachukua daftari. Kila vita napatia ukurasa mmoja tu. Nachora mstari kutoka mzigo unakotoka mpaka unakoshushwa, halafu naweka msalaba kila mahali mstari unapoweza kukatwa. Ramani naprintisha saiba. Majenerali nawaruka wote mpaka nimkute yule anayeamua jambo juu ya ule mstari, huyo namwandika.

Vita vya Falklands, visiwa vya Atlantiki ya kusini vilivyogombaniwa na Uingereza na Ajentina, ndivyo vilivyonikolea kwanza. Nilikutana navyo kwenye Command, kitabu cha Lawrence Freedman cha 2022 kinachofuata mivutano ya wanasiasa na makamanda kuanzia Korea hadi Ukraine, kisha nikaenda kuvichimba zaidi. Mwaka 1982 Uingereza ilipeleka jeshi upande wa pili wa dunia, na mpango ulikuwa askari wakishuka kisiwani wabebwe na helikopta. Mei 25 makombora ya Ajentina yakaipiga Atlantic Conveyor, meli ya biashara iliyokodiwa kubeba vifaa. Iliteketea na helikopta 3 kubwa aina ya Chinook. Moja ilipona kwa sababu wakati huo ilikuwa angani. Basi askari wakavuka kisiwa kwa miguu kwenye tope na baridi, mizigo mgongoni, hadi karibu na Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo. Meli moja, na haikuwa hata ya kivita. Niliposoma hayo niliufunga ukurasa nikaangalia orodha yangu ya meli za mwezi ule kwa jicho jingine kabisa.

Ukraine nayo ikafunguka kwa njia hiyo hiyo. Ule msafara wa Urusi uliokwama kaskazini mwa Kyiv mwanzoni mwa 2022, ule ambao picha za setilaiti zilionyesha umetanda kilomita 64 hivi, kwangu ulikuwa ni foleni. Jeshi la Urusi limezoea kulishwa na reli, na likitoka mbali na reli malori yake hayatoshi. Kisha Kherson, mji wa kusini uliokuwa mikononi mwa Warusi: Ukraine ilipopata HIMARS, mitambo ya makombora ya masafa kutoka Marekani, katikati ya 2022, iliyaelekeza makombora yake kwenye maghala ya risasi na kwenye daraja la Antonivka juu ya mto Dnipro, na kufikia Novemba Warusi wakavuka mto huo kurudi nyuma. Kwenye daftari langu Kherson ina msalaba mmoja mkubwa, juu ya daraja.

Sasa hapa ndipo Afande anapoingia. Ni jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini, na ploti nzima tunamwita hivyo. Miaka yake mingi alikuwa upande wa stoo. Jumamosi moja nilimpelekea hesabu niliyoipiga kwa fahari. Kombora la mzinga wa milimita 155 lina uzito wa kilo 45 hivi. Jeshi likifyatua 5000 kwa siku, hizo ni tani 225. Trela zetu hubeba tani 28 hivi, kwa hiyo ni trela 8 na kidogo. Nikamwambia, Afande, mbona ni kitu kidogo, sisi siku ya kawaida tunatoa zaidi ya hizo.

Alivaa miwani akasoma taratibu.

“Hapa umepakia chuma peke yake, mama. Baruti ya kulirusha iko wapi? Fyuzi za kulilipua ziko wapi? Hazikai sanduku moja na hilo.”

Nikaongeza.

“Maji?”

Nikaongeza maji, na chakula, na mafuta ya trela zenyewe. Tulikuwa tumeshazidi trela 30 aliponyanyua kidole.

“Na zikirudi zinabeba nini?”

Nikamwambia zinarudi tupu, kama zetu kutoka Malaba. Alinitazama kidogo. “Zinarudi na majeruhi,” akasema. “Na magari mabovu.” Safu hiyo ya kurudi sikuwa nayo kabisa, na tangu siku ile kila ukurasa wangu una mistari miwili.

Yeye ndiye aliyenisukumia kitabu cha jeshi letu lenyewe kuhusu Operesheni Linda Nchi, kilichotoka 2014. Kimeandikwa na wenyewe, kwa hiyo usitarajie wajisute, na Afande naye ana sehemu anazozigongea kalamu pembeni. Lakini kisome kwa ajili ya njia. Jeshi liliingia Somalia Oktoba 2011, mvua ikanyesha, na magari yakazama kwenye udongo. Kismayu ilikuja kushambuliwa Septemba 2012, na sehemu ya kikosi ikashukia baharini. Mimi nimewahi kuwa na dereva aliyekwama barabara ya Garissa msimu wa mvua, bila mtu wa kumpiga risasi, na bado kumtoa kulitutoa jasho.

Vitabu vya droni ndivyo vinavyonichosha. Vinazeeka kabla havijafika Nairobi. Mwandishi anasifu droni ya TB2 ya Uturuki kwa ilivyofanya kwenye vita vya Azerbaijan na Armenia kule Nagorno-Karabakh 2020, na wewe unaposoma, huko Ukraine droni zinaburuta uzi wa nyuzinyuzi za kioo kilomita kadhaa, amri zipite humo, ili adui asizivuruge kwa mawimbi ya redio. Ila hata hapo nikitazama zinawinda nini, nakuta malori. Ukraine ilipoachia Sudzha, mji wa Urusi iliokuwa imeuteka kule Kursk, Machi 2025, barabara ya kuingiza mahitaji ilikuwa imeshageuzwa uwanja wa droni za Urusi.

Kwa sasa Afande ana nakala yangu ya Chip War, kitabu cha Chris Miller kuhusu chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu. Nilimtega na habari za mashine ya kampuni ya ASML ya Uholanzi, ya kutengenezea chipu za hali ya juu, ambayo moja tu ikisafirishwa hujaza kontena zipatazo 40. Alidhani atasoma habari za kontena, akajikuta Taiwan. Amefika katikati na hajakubali bado kwamba hiki ni kitabu cha vita. Anadai ni cha biashara. Mimi nasema hivyo vitu viwili kwenye faharasa vinashika kurasa zile zile. Jana alinipigia hodi saa tatu usiku kuniuliza, ikiwa chipu karibu zote za hali ya juu zinatoka kisiwa kimoja, bandari zake ni ngapi. Tunazitafuta kwenye ramani wikendi hii.