Bangi, VVU na ubongo: msokoto si tiba

VVU huingia kwenye ubongo mapema, katika wiki za kwanza za maambukizi, vikibebwa na chembe nyeupe za damu. Haviziambukizi seli za neva zenyewe. Hujificha ndani ya maikroglia, seli za ulinzi wa ubongo, na hizo zikishachokozwa hutoa kemikali zinazoumiza neva jirani. ARV huzuia virusi kuzaliana, lakini seli iliyokwisha kuambukizwa inaweza kuendelea kutoa Tat, protini ya virusi, nayo huendeleza mchochota, yaani hali ya kinga kuwaka na kuumiza tishu. Ndiyo maana mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo bado anaweza kuwa msahaulifu, mzito wa kufikiri au wa mikono.

Bangi inatajwa hapa kwa sababu ya vipokezi viwili, sehemu za seli ambazo kemikali hushika ili zifanye kazi. CB1 vimejaa ubongoni. THC, kemikali ya bangi inayolevya, ikivishika, mtu hulewa na kumbukumbu huyumba. CB2 viko zaidi kwenye seli za kinga, na maikroglia iliyochokozwa huviongeza. Maabarani, kuamsha CB2 hupunguza kemikali za mchochota. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 pia ulikuta kwamba wenye VVU waliotumia bangi walikuwa na monosaiti chache zaidi za CD16, chembe nyeupe za damu zinazohusishwa na kupeleka mchochota ubongoni.

Lakini utafiti huo ulilinganisha watu tu. Hakuna aliyepewa bangi na mwingine akanyimwa. Na THC hushika CB1 na CB2 kwa pamoja, kwa hiyo anayetaka kuokoa kumbukumbu anaiyumbisha kumbukumbu hiyohiyo. Dronabinoli, THC ya vidonge, iliidhinishwa Marekani 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliopungua uzito, ili warudiwe na hamu ya kula. Huanzwa na mg 2.5 mara mbili kwa siku. Msokoto wa mtaani hauna kipimo, moshi wake huchubua mapafu ambayo huenda yanapambana na TB, na Kenya sheria inaukataza.

Ukiwa unavuta, mwambie daktari wa CCC, kliniki ya wenye VVU, bila kuficha. Ritonavir, mojawapo ya ARV, huzuia kimeng'enya cha ini cha CYP3A4, ambacho husaidia kuiondoa THC, hivyo msokoto uleule unaweza kulewesha zaidi. Matone ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, nayo huzuia CYP3A4 na CYP2C19, njia inayotumiwa na dawa nyingi. Kama unavuta ili upate usingizi baada ya kuanza dolutegravir, ARV inayoweza kukosesha usingizi, omba kwanza uhamishiwe kidonge asubuhi. Huenda hilo pekee likatosha, na naona ni heri mara mia kuliko kujitibu kwa moshi.

Ukiwa na wasiwasi na kumbukumbu, omba IHDS, kipimo kifupi cha kuchuja matatizo ya akili yanayoletwa na VVU; hakihitaji mashine. Unatajiwa maneno manne: mbwa, kofia, maharagwe, nyekundu. Kisha, kwa mkono usioutumia kuandika, unafungua na kufunga kidole gumba na cha shahada kwa upana na haraka kwa sekunde 5. Mara 15 ni alama 4. Halafu ngumi mezani, kiganja kikilala, mkono ukisimama kwa ubavu, ukirudia mfululizo huo kwa sekunde 10; mara nne ni alama 4. Mwisho unaulizwa yale maneno, kila moja alama 1, au nusu ukikumbushwa. Jumla ni 12; ukipata 10 au chini, uchunguzi uendelee. Usipimwe ukiwa umevuta, matokeo yatadanganya. Na alama ndogo si lazima iwe VVU: sonona, pombe na kaswende hufanya vilevile.

Kichwa kinachouma siku nyingi, homa, shingo kukakamaa, kutapika au degedege havingoji kipimo hiki, hasa CD4, hesabu ya chembe za kinga, ikiwa chini ya 200. Nenda siku hiyohiyo kitengo cha dharura cha hospitali ya Coast General, Mombasa, au hospitali iliyo karibu, useme una VVU, na uulizie kipimo cha kriptokoka, fangasi inayoshambulia utando wa ubongo.