Vipande vingi, wito mmoja: kutoka writev hadi scatterlist

Seva inapojibu ombi, jibu lenyewe huwa limekaa vipande vipande: kichwa kwenye bafa (eneo la kumbukumbu la kushikia data) moja, mwili kwenye bafa nyingine, pengine na mkia mahali pa tatu. Wengi huita `write`, wito wa kuandika bafa moja, mara mbili au tatu, basi. Kwenye faili hasara yake ni ndogo. Kwenye TCP (itifaki ya kutuma data mtandaoni) inaweza kufika milisekunde 40 kwa kila ombi, na muda wote huo CPU haina kazi.

Chanzo ni hiki. `write` ya kwanza hutoka papo hapo. Ya pili ikiwa ndogo, kanuni ya Nagle, sehemu ya TCP inayopunguza pakiti ndogondogo, huizuia mpaka upande wa pili uthibitishe kuwa umepokea ya kwanza. Upande huo nao, ukiwa ni Linux, unaweza kuuchelewesha uthibitisho kwa takribani milisekunde 40, ukitarajia kuupakia pamoja na data yake yenyewe. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Ukiwasha `TCP_NODELAY`, chaguo linalozima kanuni hiyo, kungojana kunaisha, ila sasa unatuma pakiti mbili ambapo moja ingetosha.

Dawa ni `writev`, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Unaipa safu ya `struct iovec`, kila moja ikiwa na anwani (`iov_base`) na urefu (`iov_len`), na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inavichukua vipande kwa mpangilio huohuo kana kwamba ni bafa moja. `readv` hufanya kinyume chake: hujaza bafa ya kwanza hadi mwisho ndipo ihamie ya pili.

Kuna watu hudhani `writev` huondoa kunakili kote. La. Ukiandika kwenye faili la kawaida, baiti bado zinanakiliwa kuingia kwenye kashe ya kerneli. Unachookoa ni safari za kuingia kerneli, na ile `memcpy` (kunakili kumbukumbu) ya kuviunganisha vipande upande wako. Kwa hiyo kama vipande vyako ni vya baiti 20 au 30, viunganishe tu kwenye bafa moja, hutapoteza kitu.

Kwenye Linux mwisho ni vipande 1024 kwa wito mmoja. Ukizidisha unapata `EINVAL`, kosa la hoja batili. Hadi vipande 8, kerneli huiweka safu kwenye staki yake (kumbukumbu ya muda ya kitendaji). Zaidi ya hapo huomba kumbukumbu kwanza. Faili likifunguliwa kwa `O_DIRECT`, yaani kuruka kashe ya kerneli, mpangilio sahihi wa anwani na urefu unadaiwa kwa kila kipande, si kwa jumla yao, na hapo ndipo `EINVAL` nyingi zisizoeleweka zinapotoka.

Lakini kosa linaloharibu data kimyakimya ni kusahau kwamba `writev` inaweza kuandika pungufu, na kukatikia katikati ya kipande. Kurudia wito kwa safu ileile ni kutuma mwanzo mara mbili. Lazima usogeze:

```
while (n > 0) {
    ssize_t r = writev(fd, v, n);
    if (r < 0) {
        if (errno == EINTR) continue;
        return -1;
    }
    while (n > 0 && (size_t)r >= v->iov_len) {
        r -= v->iov_len;
        v++; n--;
    }
    if (n > 0) {
        v->iov_base = (char *)v->iov_base + r;
        v->iov_len -= r;
    }
}
```

Angalia kwamba safu inabadilishwa. Ukiihitaji baadaye, weka nakala. Soketi isiyozuia nayo, ikijaa, itakurudishia `EAGAIN` (jaribu tena baadaye). Hapo hifadhi `v` na `n`, urudi kwenye `poll`, wito wa kungoja soketi iwe tayari.

Chini zaidi, kwenye draiva (programu ya kerneli inayoendesha kifaa), tatizo ni lilelile kwa sura nyingine. Bafa ya KB 64 ambayo programu inaiona kitu kimoja ni kurasa 16 za KB 4, na kila ukurasa unaweza kuwa pembe yake ya RAM. Draiva huziorodhesha kwenye `struct scatterlist`, kisha huita `dma_map_sg` (DMA ni kifaa kusoma au kuandika RAM chenyewe, bila CPU kunakili) ili kila kipande kipate anwani ambayo kifaa kinaielewa.

Hapa ndipo draiva nyingi changa hukosea. `dma_map_sg` hurudisha idadi ya vipande baada ya kuunganishwa, kwa sababu IOMMU, sehemu ya mashine inayotafsiri anwani ambazo vifaa hutumia, inaweza kufanya kurasa zilizotawanyika zionekane zimefuatana. Ulipeleka 16, ukarudishiwa 3: kifaa kipe hizo 3, kwa `sg_dma_address` na `sg_dma_len`. Ukirudishiwa 0, imeshindikana. Lakini wakati wa `dma_unmap_sg`, wito wa kuondoa ramani hiyo, unapitisha 16 ya mwanzo, si 3. Kwenye mashine isiyo na IOMMU namba hizo mbili kwa kawaida huwa sawa, hivyo kosa linapita majaribio yote na kulipukia kwa mteja. Jenga kerneli ya majaribio ukiwa umewasha `CONFIG_DMA_API_DEBUG`. Hiyo hulalamika mara moja idadi zikitofautiana.

Na usipitishe bafa ya `vmalloc` (ambayo kurasa zake zinaweza kuwa zimetawanyika kwenye RAM) kwenye `sg_set_buf`, kitendaji cha kuingiza bafa kwenye scatterlist. Kitendaji hicho hukokotoa ukurasa kutoka kwenye anwani kikiamini kumbukumbu imefuatana kihalisi, nacho kitakupa ukurasa usio wako. Bafa za kwenye staki zina hatari hiyohiyo pale `CONFIG_VMAP_STACK` inapotumika, kwa kuwa hapo staki nazo hutengwa kwa njia ya `vmalloc`. Tumia `kmalloc`, inayotoa kumbukumbu iliyofuatana kihalisi, au pita kwenye bafa ukurasa kwa ukurasa kwa `vmalloc_to_page`.