Amina ya kidole gumba

Masomo ya juma hili: 1 Wakorintho 14:16 na Nehemia 5:1-13

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alituma odio, ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ya dakika 3 na sekunde 12. Ilikuwa jioni, nimesimama Birere, hapa kwetu Goma, nikingoja motari, mega za intaneti zimebaki kidogo, betri iko kwenye nyekundu. Niliona jina lake. Chini yake nikaona "Amina", kisha "Amina, mama", kisha ile mikono miwili iliyokutanishwa. Nami nikaandika AMINA, herufi kubwa zote, kama mtu mwenye imani nyingi. Nikatia simu mfukoni, nikapanda pikipiki.

Jumapili alikuja ibadani, akanisalimu mlangoni kwa adabu yake yote. "Papa, asante kwa Amina. Lakini ile odio hukuifungua."

Sikujua kwamba inaonekana. Kumbe ukibonyeza ujumbe wako mwenyewe ukaushikilia, WhatsApp inakuonyesha nani ameusoma na, kama ni odio, nani ameisikiliza. Hata ukizima zile alama za buluu, kwenye odio hazizimiki. Watu 31 tulikuwa tumeitikia Amina. Walioisikiliza walikuwa 4. Na humo ndani, baada ya kuomba tumkumbuke mtoto wake aliyelazwa, mahali pa dakika ya pili hivi, alisema anatafuta mtu wa kulala pale kwake awaangalie wadogo wawili waliobaki nyumbani, usiku ule mmoja tu, na wa kuwachotea bidoni mbili za maji, kwa kuwa bomba la avenyu yetu lilikuwa limekauka tangu Jumanne. Hakuomba pesa. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mawe ya volkano na choo cha jirani.

Kati ya wale wanne, mmoja hakujibu kitu. Ni binti wa kwaya. Mega zake za mwisho ziliishia kwenye kuifungua ile odio, hakubaki na ya kuandikia Amina. Alifika saa tatu usiku na shuka yake kwapani.

Paulo anawauliza Wakorintho: mtu ataitikiaje Amina kwenye shukrani yako ikiwa hajui ulilosema? Yeye alikuwa na tatizo la lugha. Mtu anaomba kwa maneno yasiyojulikana, aliyekaa pembeni anabaki kutazama midomo tu. Mama yule aliomba kwa Kiswahili chetu cha Goma, pamoja na Kifaransa kidogo cha hospitali. Hakukuwa na neno moja la kunishinda. Nilijifanya mgeni wa lugha yangu mwenyewe, tena kwa hiari.

Neno lenyewe tumelizoea mno. Limetoka kwenye Kiebrania, kwenye mzizi wenye maana ya kitu imara, kitu cha kutegemewa. Mzizi huohuo ndio uliotumika katika Hesabu 11:12, Musa anapomlalamikia Mungu: je, ni mimi niliyewazaa watu hawa, hata niwabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye? Yule mlezi, kwa Kiebrania, ni ndugu wa Amina. Nimelifikiria hilo siku hizi kila ninapokutana na mama aliyefunga mtoto mgongoni kwa kitenge, anapanda barabara ya mawe, mkono mmoja umeshika bidoni. Musa alijua uzito wa kubeba, ndiyo maana alilalamika. Sisi tuliandika neno lile bila hata kulalamika, na hapo ningepaswa kushtuka.

Wako pia waliogundua kwamba Amina yetu ni mali. Mmewaona. Picha ya mtoto mgonjwa, au ya Yesu analia, na maandishi: "Andika Amina, usipite bila kuandika." Kila anayeandika anaiambia mashine kwamba picha hii inapendwa, mashine inaionyesha kwa wengine, ukurasa unapata wafuasi, na siku moja wafuasi wale wanaonyeshwa matangazo au wanapelekwa kwa matapeli. Facebook yenyewe ilitangaza Desemba 2017 kwamba itazishusha chini posti za kuombaomba maoni namna hiyo. Hazijaisha. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Georgetown, Marekani, walichunguza kurasa zaidi ya 100 zilizokuwa zikivuta watu kwa picha za akili bandia, na mwaka huohuo ilizunguka ile ya Yesu aliyeundwa kwa kamba wa baharini, wale viumbe wenye miguu mingi, na watu chini yake wanaandika Amen. Kwetu Kivu kamba hao hatuna. Wakitaka kutunasa sisi watatumia sambaza, samaki wadogo walioletwa ziwani kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni mboga ya mji mzima. Hata jina lingewafaa, maana ndilo neno wanaloandika chini ya picha: sambaza.

Tunawacheka. Lakini kidole changu pale Birere kilifanya kazi ileile, na mimi sikutegwa na tapeli. Niliyemwitikia alikuwa jirani yangu.

Msiseme nachukia simu. Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, na siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame mji, familia zilitawanyika, hawa Sake, wale Gisenyi, wengine njia ya Rutshuru. Odio ya sekunde kumi, "tuko wazima, tuko Sake", ilikuwa mkate. Na nakumbuka vizuri jinsi tulivyozisikiliza: mpaka mwisho, tukazirudia, tukaweka simu sikioni mwa bibi naye asikie. Mega zilikuwa ghali siku hizo pia. Kwa hiyo kisingizio changu cha mega, Bwana anajua, hakina miguu.

Tena nakumbuka intaneti ilipokatwa Kongo nzima, 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ikakaa hivyo karibu majuma matatu. Sitaki siku zile zirudi, kuna waliokosa riziki na waliokosa habari za wagonjwa wao. Ila habari ya maombi ilikuja kwa miguu. Aliyeileta alikaa kwenye kiti, akapewa chai, akaeleza yote na yasiyohusika pia, na mpaka unasema Amina ulishajua nani hana unga.

Sasa Nehemia. Sura ya 5 ningependa muisome polepole, kwa sauti, nyumbani. Watu wanalia: tumeweka rehani mashamba na nyumba zetu tupate nafaka wakati wa njaa, watoto wetu wamekuwa watumwa. Na wanaowadai ni ndugu zao, watu wa ibada moja. Nehemia anakasirika, kisha, Maandiko yanasema, anashauriana na moyo wake kwanza. Halafu anawaita wakubwa: rudisheni leo hii mashamba yao, mizabibu yao, nyumba zao, na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka na divai na mafuta mnayowatoza. Wanakubali. Wengi wetu tungefunga mkutano hapo, kwa wimbo. Nehemia anawaita makuhani, anawaapisha wale wakubwa, kisha anasimama mbele yao anakung'uta vazi lake: Mungu na amkung'ute hivi kila asiyetimiza neno hili. Ndipo mkutano wote ukasema Amina.

Angalieni ilivyochelewa. Kilio kimesikilizwa chote, hesabu imetajwa hadi ile sehemu ya mia, siku imetajwa kuwa ni leo, kiapo kimeliwa, vumbi la vazi limeruka, halafu Amina. Na mstari haukuishia hapo, unasema watu wakafanya sawasawa na neno lile. Hakuna idadi ya walioitikia. Mwandishi hakuona haja ya kuhesabu.

Nilirudi nikamwomba mama yule msamaha, uso kwa uso, si kwa maandishi. Akasema yamekwisha, akaniuliza habari za mguu wangu. Mguu huo niliutaja kwenye odio yangu mimi, mwezi uliopita, dakika za mwishoni.

Jumatano hii ametuma nyingine, ya dakika 4 na ushee. Nilinunua mega kwanza, nikakaa kwenye ngazi ya duka. Mtoto ametoka hospitali. Akashukuru mmoja mmoja, akataja hata tusiokuja, akaeleza dawa za asubuhi na za jioni, jogoo akamkatiza, akaanza dawa upya. Mwisho kabisa, sauti imekaribia kicheko: "Na wewe uliyefika mpaka hapa, niletee chumvi, imeniishia."

Nilipoingia kwake, mezani palikuwa na pakiti mbili tayari. Yangu ikawa ya tatu.